Shimo Chini ya Migomba

Kisugu, Kampala
Alhamisi, 12 Februari 2026

Mdogo wangu mpendwa Nerima,

Nakusalimu kwa upendo wa ndugu aliyekubeba mgongoni, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta umeketi mahali pako pa kila siku, kwenye kigoda kilicho karibu na mlango wa jikoni, ukiwa mzima. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba linakusumbua asubuhi, nami nikakuagiza ulikande kwa maji ya moto. Sijui kama ulinisikia. Yule ng'ombe mweupe amekwisha kuzaa? Wajukuu wamerudi shuleni wote, au yule mdogo bado anajificha nyuma ya ghala kila anapomwona mwalimu wake akipita barabarani?

Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa macho ambayo yananitaka niandike karibu na dirisha. Mwanangu Tarcisio na mkewe wananitunza vizuri hapa nyumbani kwao. Wananipikia uji mzito kama ninavyoupenda, na hawaniruhusu kuinua kitu chochote kizito kuliko Biblia. Moyo wangu, hata hivyo, haujatulia tangu wiki iliyopita. Ningeweza kukupigia simu. Lakini katika simu ungenikatiza, nami ningepata mahali pa kujificha. Kwa hiyo nimeandika, na ninakuomba usome mpaka mwisho ukiwa peke yako. Tarcisio, atakayekuletea barua hii pamoja na kifurushi, hajui yaliyomo. Usimuulize. Tena tafadhali usikifungue kifurushi kabla ya kuimaliza barua.

Unajua kwamba nimeamua kuiuza nyumba yangu ya shambani, ile ya upande wa Mukono niliyoijenga nilipostaafu kufundisha. Kwa umri wangu siwezi tena kukaa peke yangu mahali ambapo mtu akianguka atasikiwa na kuku tu. Mnunuzi amepatikana bila dalali. Ni mama mmoja wa kanisani kwetu, anaitwa Kahambu, mtu wa Butembo, Kongo. Alikimbia vita akiwa na watoto wanne, na mumewe hakuwahi kufika. Anauza vitenge sokoni Nakawa. Kwa miaka sita amekaa hapa Kisugu katika chumba kimoja ambacho mvua ikinyesha huingia kabla ya wageni. Anataka mahali ambapo watoto wake watalala bila kuhesabiana miguu. Nilipomwambia kwamba shambani kuna vyumba vitatu, kisima na choo cha ndani, aliniuliza kama kisima hicho ni cha nyumba peke yake au cha kijiji kizima. Nilipomjibu kwamba ni cha nyumba, alifunika uso kwa kitenge.

Mwaka jana kijiji kile kilipatwa na ugonjwa wa kuhara, na watu wawili waliokuwa wamehamia karibuni walizikwa. Ikagundulika kwamba aliyewauzia nyumba alijua kuwa choo chake kilivujia kisimani, akanyamaza. Baada ya hapo baraza la kijiji lilipitisha azimio. Mwenyekiti hatagonga muhuri kwenye mkataba wowote wa kuuza nyumba mpaka kisima kiwe kimepimwa, tangi la choo limefunguliwa na kukaguliwa, na muuzaji amejaza fomu na kuitia sahihi. Bila muhuri wa mwenyekiti hapa Uganda huna mauzo, una maneno tu. Mwenyekiti wetu ni Ssalongo, yule baba wa mapacha uliyemwona uliponitembelea. Alinieleza azimio hilo kwa haya, akisema kwamba kwa Mwalimu ni desturi tu, kwani kila mtu anajua maji yangu. Nilimwambia kwamba sheria ni sheria na nisiruhusiwe kuiruka. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, Nerima, huku nikiomba moyoni anisamehe ukaguzi huo.

Mkaguzi alikuja Jumanne ya wiki iliyopita. Ni binti wa watu wa kaskazini, anaitwa Apio, mwembamba, mwenye viatu vya mpira na daftari. Mimi nilitangulia na Tarcisio, na Kahambu akaja na binti yake mdogo, Princesse, mwenye umri wa miaka saba. Apio hakutaka chai wala kiti. Aliinua mfuniko wa tangi la choo, akamulika ndani kwa tochi, akagonga kuta kwa fimbo ya chuma, akasema limejengwa vizuri. Alivuta futi yake kutoka tangini mpaka kisimani, akapata mita arobaini, akasema hilo nalo ni jema. Akateka maji na kuyajaza katika chupa mbili ndogo za kupeleka maabara. Kila aliposema jambo ni jema, Ssalongo alinipiga bega. Nilikuwa nikihesabu mema hayo kama mtu anayehesabu hatua za askari wanaokuja mlangoni kwake.

Kisha akaniuliza choo cha zamani kilikuwa wapi. Alisema nyumba zote za huku zilianza na choo cha shimo kabla ya tangi, na fomu yake ina kifungu kinachouliza kama kuna shimo lililofukiwa. Nilimjibu kwamba kilikuwa mbali. Sikumwambia ni mbali kiasi gani, wala upande gani. Hakuandika kitu. Aligeuka akaitazama ile migomba yangu iliyo nyuma ya jiko, unaikumbuka, yenye mikungu ambayo watu wawili hubeba mmoja. Akauliza kwa upole tunailisha nini. Ssalongo alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akamwambia Apio, "Nnyabo, ndizi ya Mwalimu inanenepa kama mbunge, na hakuna mtu anajua inakula wapi!" Wote walicheka. Apio alitabasamu tu, akaniachia fomu, akasema nijaze kifungu hicho mwenyewe, kwa sababu yeye hana macho ya kuona chini ya ardhi.

Wakati sisi tunazungumza, Princesse alikuwa ameteka maji kwa kikombe cha bati kilichoning'inia kisimani. Nilipogeuka nilimwona amekwisha kukifikisha mdomoni. Sijui nilikwendaje pale kwa miguu hii. Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka kwenye ukuta, na mtoto akabaki na mikono hewani, macho yamemtoka. Nikasema nimeona mdudu ndani. Kahambu alimfuta mwanawe maji kifuani, akacheka, akanambia, "Papa Mwalimu, mududu wa Uganda haumalize mutu wa Kongo. Batoto bangu bamekunywa ya mutoni na bangali bazima." Kwa kawaida ningemsahihisha palepale, kama ninavyowasahihisha wote hapa Kampala, na wao hunisamehe kwa sababu ya mvi. Siku ile niliinama nikaokota kikombe. Tarcisio alinitazama njia nzima tuliporudi.

Juma zima nilisubiri majibu ya maabara. Nilikuwa nikiombea majibu mabaya, ili maji yenyewe yaseme na mimi ninyamaze. Majibu yalifika juzi, Jumanne. Maji ni safi. Hayana kitu. Ssalongo alinipigia simu kwa furaha, akanambia muhuri wake umekwisha kukolea wino, tuje Jumamosi tusaini. Tarcisio alimchinjia jogoo yule mama. Nami nilikaa mezani nikiitazama nyama kama mtu asiyejua hutumiwaje.

Maana mimi ninajua, Nerima, kwa nini maji yale ni safi. Sasa ni kiangazi. Tangu Krismasi haijanyesha mvua ya kulowesha kitambaa.

Sasa nikuandikie kuhusu shimo. Nilipohamia kule nilichimba choo cha kawaida, cha haraka, nyuma ya jiko. Mwaka uliofuata nikajenga kile cha ndani chenye tangi, nikakifukia cha zamani na kupanda migomba juu yake, kama wafanyavyo watu wote wa huku, kwa kuwa hakuna mbolea inayokizidi. Miezi michache baadaye nikamwita mchimba visima, Mkongo mmoja hodari aliyeitwa Bisimwa. Alipitapita akaona kwamba maji ya karibu yako mteremkoni, upande wa chini wa ile migomba. Kabla hajapiga sururu aliniuliza pale juu palikuwa na nini. Nilimwambia. Akaweka sururu chini, akasema tuhamie upande wa pili wa nyumba, ingawa kule tungechimba mara mbili zaidi. Alinambia choo hakifi kwa kufukiwa, kinalala tu, na mvua ndiyo humwamsha mlalaji. Mimi, niliyekuwa nimesoma vitabu vingi kuliko idadi ya visima alivyochimba, nilimwambia asinifundishe. Nilimwambia udongo huchuja, na choo kikishafukiwa kimekufa. Akachimba nilipotaka. Toka migombani mpaka kisimani ni hatua zangu kumi na mbili. Nilizihesabu siku ile, na sijawahi kuzisahau.

Asubuhi ya jana niliijaza ile fomu. Katika kifungu cha mashimo yaliyofukiwa niliandika kwamba lipo moja, chini ya migomba, hatua kumi na mbili juu ya kisima. Kisha nikampelekea Kahambu aisome kabla ya mwenyekiti. Nilimkuta akikunja vitenge. Aliisoma kwa shida, kwa sababu shule yake ilikuwa ya Kifaransa, nikamsomea mara ya pili kwa sauti, nikaongeza kwamba mvua ikinyesha maji yale huharibika. Nilitarajia atanitukana, au atalia kwa ajili ya vyumba vyake vitatu. Badala yake aliniuliza swali moja. Aliniuliza nilijuaje. Kama maabara imesema maji ni mazuri, na mkaguzi amesema ni mazuri, na kijiji kizima kinayasifu, Papa Mwalimu amejuaje kwamba mvua ikinyesha ni mabaya? Akaongeza polepole, "Ni nani alikunywa?"

Nilimwomba anivumilie mpaka Jumamosi. Nilimwambia kwamba kuna mtu anayestahili kulisikia jibu hilo kabla yake. Mtu huyo ni wewe.

Mdogo wangu, aliyekunywa ni Nanyama wako.

Najua umekwisha kulikisia hilo mistari mingi iliyopita, kwa sababu wewe ni mama. Lakini sijamaliza, na lililobaki ndilo zito. Vumilia usome.

Ulipomleta kwangu mwezi wa Machi mwaka 2015, aje kusomea ushonaji Nakawa na kunitazama mimi mjane, ulimpa maagizo mbele yangu. Ulimwambia asinywe maji yoyote ya Uganda bila kuyachemsha, na ukampa sufuria ndogo yenye mfuniko kwa kazi hiyo tu. Mwanao alitii. Kwa wiki tatu, kila alfajiri kabla ya kwenda darasani, aliwasha jiko la makaa, akachemsha maji, akayapoza na kuyatia katika chupa yake. Alinichemshia na mimi. Mvua za masika zilipoanza, makaa yakalowa, ukumbi ukajaa moshi, nami nikakasirika. Nikamwambia kwamba anakitukana kisima changu. Nikamwambia wageni wanatoka mbali kuja kunywa maji yale, na yeye anayachemsha kama ya dimbwi. Alinijibu kwa adabu kwamba mama amemwagiza. Hapo ndipo nilipoitwaa ile sufuria mikononi mwake, nikaiweka juu ya kabati, nikamwambia kwamba katika nyumba hii mjomba ndiye mama.

Wewe unajua maana ya maneno hayo kwetu. Neno la mjomba halirudishwi. Mtoto wa dada akilikataa, watu wazima humwogopea mabaya maisha yake yote. Nililitumia neno hilo, ambalo wazee walitupa kwa ajili ya kubariki, kwa sababu ya moshi. Nanyama hakubisha. Alipiga goti, akasema ndiyo, mjomba. Kuanzia siku hiyo alikunywa maji ya kisimani kama nilivyotaka, mvua zikinyesha kila jioni. Mwezi wa Mei alishikwa na homa ya matumbo, na mengine unayajua, kwa sababu ulifika hospitalini zimebaki siku mbili za uhai wake.

Daktari aliniuliza kuhusu maji. Nikamjibu kwamba yetu ni ya kisima na ni safi. Akanishauri nikipime. Sikukipima. Lakini tangu niliporudi kutoka mazishini, Nerima, sijameza hata tone moja la kisima kile bila kulichemsha. Miaka kumi nimechemsha. Majirani wakija niliwapa ya chupa za dukani na kuwaambia ni heshima ya mgeni, na waliotaka kuteka niliwaambia kamba imekatika. Aliyenipa jibu la swali la Kahambu ni mimi mwenyewe, kila asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya jiko.

Siku ya mazishi uliniita kando, nyuma ya ghala, ukaniuliza kama mtoto alikuwa akichemsha maji kama ulivyomwagiza. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Watu walikuwa wakiimba, na kulikuwa na sisi wawili tu. Nikatazama chini nikakwambia, "Watoto wa siku hizi, Nerima, huwaambii kitu." Maneno hayo tu. Uliinamisha kichwa, ukafuta machozi, na nadhani siku hiyo ulianza kumkasirikia aliye kaburini.

Krismasi iliyopita nilikuwa kwako. Nilikusikia uwanjani ukiwaonya wajukuu waliokunywa maji ya mtungi. Uliwaambia kwamba shangazi yao Nanyama alikuwa mzuri na mwenye akili, lakini alikuwa na shingo ngumu, alimdharau mama yake kwa jambo dogo la kuchemsha maji, na wanaona alipo. Yule mdogo aliuliza kama shangazi alikuwa mtoto mbaya. Mimi niliondoka nikaenda kusimama nje ya ua mpaka chakula kikapoa, na ulipokuja kuniita nilisema ni tumbo.

Nimefundisha miaka thelathini na minane. Nimewapiga watoto wa watu fimbo kwa kusingizia wenzao. Mwenyewe nilimsingizia mtoto asiyeweza kuinua mkono darasani kujitetea, na nimelala juu ya uongo huo kama ile migomba ilivyolala juu ya shimo, watu wakinisifu kwa mikungu.

Sikuombi unisamehe katika barua. Ombi hilo halifai kupita mikononi mwa mtu mwingine. Ninaomba moja tu. Waite wajukuu, hata kesho, uwaambie kwamba shangazi yao hakuwa na shingo ngumu. Waambie alimtii mama yake, kisha akamtii mjomba wake, na kwamba aliyekosea ni mzee. Taja jina langu. Wakiniogopa au wakinichukia, ni haki yao.

Jumamosi nitamjibu Kahambu mbele ya Ssalongo, na kijiji kitasikia. Kama bado ataitaka nyumba, kisima kile kitafukiwa kwa mawe mbele ya macho yangu kabla hajahamia, na kingine kichimbwe upande ule ambao Bisimwa alinionyesha. Kama hataitaka, kitafukiwa vilevile. Nilipanga kuja kwako siku za Pasaka. Nitakuja ukinikubali. Ukiona nisije, mwambie Tarcisio neno moja tu, naye ataniletea.

Nisalimie wajukuu wote, na yule anayejificha nyuma ya ghala umwambie asiache kuuliza maswali. Wasalimie jirani zako wa kanisani. Lile goti likande, tafadhali.

Katika kifurushi kuna sufuria. Nimekaa nayo miaka yote hii juu ya kabati bila kuigusa, hata vumbi lake nililiogopa. Mke wa Tarcisio alitaka kuisugua kabla ya kuifunga, nikamzuia. Igeuze uitazame chini. Masizi yale ni ya Nanyama. Ni ya wiki tatu za alfajiri. Usiyasugue.

Mimi kaka yako,
Cleopas Sifuna